Panya wa Maabara, Baiskeli za Mpakani na Saratani ya Utumbo Mpana

  Wewe uliye sokoni Busia, wewe uliye jikoni Malaba, Amukura, Nambale au Funyula, sogea karibu. Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala malaria. Leo ni historia, na historia yenyewe ni ya tumbo. Kuna mahali nitataja choo na kinyesi bila kuficha, kwa hiyo kama mko mezani, malizeni kwanza.

Nianze hapa hapa mpakani. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1960, wakati vijana wa Busia walipoanza kubeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha Kenya hadi kile cha Uganda. Abiria alikuwa na mizigo, jua lilikuwa kali, na ule ukanda wa katikati haukuwa na gari la kumvusha. Kijana aliita "boda, boda!", maana yake anakutoa boda hii hadi boda ile. Malaba nako wakaita vivyo hivyo. Jina hilo limesafiri mpaka miji ambayo haina mpaka wowote, lakini chimbuko lake ni kwetu.

Kijana yule alikanyaga pedali tangu alfajiri hadi jioni. Abiria, tuseme ukweli, alikaa tu kwenye kiti cha nyuma akishikilia kikapu. Lakini hata abiria alikuwa ametembea maili kadhaa kutoka kijijini kabla ya kufika barabarani. Halafu pikipiki zikaja. Zilianza kuonekana kwa wingi miaka ya 2000, na mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT, zikawa kama mvua. Leo mama anapelekwa sokoni kwa pikipiki, mtoto anapelekwa shule kwa pikipiki, na mwendeshaji naye ameketi kutwa nzima.

Sisemi pikipiki ni mbaya. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane, pikipiki ndiyo itakayomfikisha hospitalini. Nauliza jambo moja tu: miguu ikipumzika miaka na miaka, je, utumbo nao hupata habari? Swali hilo linaonekana la mchezo, lakini limewachukua madaktari na watafiti zaidi ya miaka sabini, na sehemu ya historia yake ilitokea jirani kabisa, ng'ambo ya mpaka huu.

Kwanza tuelewane utumbo mpana ni upi. Chakula kikitoka tumboni hupita katika utumbo mwembamba, ambao ni mrefu sana, ndipo kinaingia utumbo mpana. Huo una urefu wa kama mita moja na nusu, na kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kuandaa choo. Saratani ya hapo kwa kawaida huanza na kijinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo. Hakiumi. Vingi havifanyi lolote, lakini vingine hukua polepole, mara nyingi kwa miaka kumi au zaidi, mpaka vinageuka saratani.

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka 1946 daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mtu wa Ireland mwenye jicho moja, maana la pili alilipoteza akiwa mvulana wa miaka 11, aliwasili Uganda kufanya kazi katika hospitali ya Lira. Mwaka 1948 alihamia Kampala, na akawa katika Hospitali ya Mulago. Wengi wanamjua kwa ule uvimbe wa taya unaoshika watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kama kilomita 16,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama ugonjwa huo wa watoto ulionekana huko. Hiyo ilikuwa tabia yake, kuuliza na kuhesabu.

Pale Mulago alikuwapo pia Hugh Trowell. Huyu alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda mwaka 1935. Akina mama, Trowell ni mmoja wa waliotumia miaka mingi kuchunguza kwashiorkor, ule utapiamlo wa mtoto kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi. Lakini alikuwa na daftari jingine. Ndani yake aliandika magonjwa ambayo aliyajua vizuri Uingereza na ambayo hapa hakuyaona, au aliyaona mara chache mno. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukizwa katika Afrika. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa miongoni mwa magonjwa aliyoyakosa. Mwenzao mwingine, J.N.P. Davies, alikuwa ameanzisha mwaka 1951 daftari la kuandikisha saratani zote za Kampala, mojawapo ya madaftari ya zamani kabisa ya aina hiyo katika Afrika. Nalo lilisema vivyo hivyo: ugonjwa huu upo, lakini ni nadra.

Kwa nini? Burkitt aliporudi Uingereza mwaka 1966 aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za misheni, zaidi ya mia moja, akiwauliza kila mwezi wameona nini. Kisha akafanya jambo lililowachekesha wenzake. Akapima kinyesi. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, halafu wakahesabu saa mpaka vitoke. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi, na choo cha siku kilizidi gramu 400. Kwa Waingereza kilichukua zaidi ya siku tatu, na choo chenyewe kilikuwa kama gramu 100. Burkitt akasema siri ni nyuzinyuzi za chakula: nafaka isiyokobolewa, maharagwe, mboga za majani, viazi. Kwa lugha ya kwetu, ugali wa mtama na wimbi uliochanganywa na muhogo, pamoja na mrenda na kunde.

Hapo mimi nina neno. Burkitt alikuwa na haki ya kusifiwa, na utafiti wa baadaye umeunga mkono kwamba nyuzinyuzi husaidia. Lakini mtu yule wa kijijini aliyekula mtama ndiye huyo huyo aliyelima kwa jembe, akachota maji mtoni na kutembea hadi soko la mbali. Choo chake kilipimwa kwa mizani, hatua zake hazikuhesabiwa. Tena wagonjwa wengi wa wakati huo walifia nyumbani bila kuonwa na daktari, na watu wachache walifika umri ambao saratani hii hupenda kutokea. Kwa hiyo aliyekuwa na ugonjwa huenda hakuingia katika daftari lolote. Tukumbuke hayo kabla ya kujivunia kwamba babu zetu hawakuugua.

Swali la mwili unaotembea lilianzia mahali pengine, ndani ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi yale mekundu ya ghorofa. Dereva na kondakta walikuwa na mwajiri mmoja, basi moja, saa zile zile. Dereva alikaa. Kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi kwa siku akikata tiketi. Ikaonekana madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta. Huo ni moyo, sio utumbo, najua. Lakini tangu hapo watafiti wakaanza kuuliza, kama kukaa kunaumiza moyo, ni kiungo gani kingine?

Jibu juu ya utumbo lilikuja mwaka 1984 kutoka Los Angeles, Marekani. Watafiti waliangalia kazi za wanaume waliopata saratani ya utumbo mpana, wakakuta waliofanya kazi za kukaa walikuwa na hatari ya angalau mara 1.6 ya wale waliofanya kazi za kutumia mwili. Uchunguzi mwingi wa nchi nyingine ukafuata na kuelekea upande huo huo.

Lakini kuna tatizo, na mama yeyote mwenye watoto wengi atalielewa haraka. Ukiona mtoto mmoja ana afya kuliko mwingine, huwezi kusema mara moja ni kwa sababu ya jambo moja. Pengine anakula zaidi, pengine analala zaidi. Vivyo hivyo mtu anayetembea sana huenda pia havuti sigara, hanywi pombe, si mnene. Na huwezi kuchukua watu mia mbili, ukawafungia nyumba mbili, hawa watembee na hawa wakae, wote wakila chakula kilekile mpaka uone nani anapata saratani. Itachukua miaka ishirini na ni dhambi. Ndipo wakaingia panya.

Kutumia panya kuliwahi kujaribiwa mapema. Mwaka 1944, Wisconsin nchini Marekani, Rusch na Kline waliwafanyisha mazoezi panya wadogo waliopandikizwa uvimbe, na uvimbe ukakua polepole kuliko kwa panya waliokaa. Haukuwa uvimbe wa utumbo, na jambo hilo likasahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 1987 na 1988 ndipo watafiti wa Marekani walipoelekeza macho kwenye utumbo mpana. Nieleze walivyofanya, maana hapa ndipo penye kiini cha habari.

Walichukua panya wakubwa wa maabara wa ukoo mmoja na umri mmoja. Waliwadunga dawa inayosababisha saratani ya utumbo mpana kwa panya. Kisha wakawagawa. Kundi moja liliwekwa katika vizimba vyenye gurudumu, lile ambalo panya huingia na kukimbia kwa hiari yake. Kundi la pili halikupewa gurudumu. Baada ya miezi mingi wakawapasua na kuhesabu uvimbe. Katika majaribio hayo, likiwemo la Bandaru Reddy na wenzake la mwaka 1988, panya waliokuwa na gurudumu walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache kuliko wale waliokaa. Hapo hakuna wa kusema ni sigara au ni pombe. Panya havuti wala hanywi.

Ingekuwa vizuri habari iishie hapo, lakini haikuishia. Mwaka 1990 lilitangazwa kabila la panya wadogo wanaozaliwa na kasoro ya urithi, kasoro inayofanana na ile iliyo katika baadhi ya familia za watu ambamo saratani ya utumbo hurithiwa. Panya hawa huota vinyama vingi bila kudungwa dawa yoyote. Watafiti wakawakimbiza pia. Safari hii majibu yakapishana. Jaribio moja halikuona tofauti ya maana. Jingine, la mwaka 2005, liliona vinyama vimepungua kwa madume waliokimbizwa kwenye mkanda unaozunguka, lakini si kwa majike, na gurudumu la hiari halikuleta nafuu hiyo.

Mnaona? Kuna sababu kadhaa za kupishana huko. Panya hawa wa kasoro ya urithi huota vinyama zaidi katika utumbo mwembamba, wakati sisi binadamu saratani yetu huwa katika ule mpana. Panya anayekimbizwa kwa lazima anaweza kuingiwa na hofu, na hofu nayo hubadilisha mwili. Anayekimbia hula zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza kitabu au dawa akisema "sayansi imethibitisha kwa panya", muulize panya gani, dume au jike, na alikimbia kwa hiari au kwa kulazimishwa. Atanyamaza.

Hata hivyo panya wametusaidia kujua jinsi mambo yanavyokwenda ndani. Mwaka 2013 watafiti wa Kyoto, Japani, walieleza kwamba msuli unaofanya kazi hutoa ndani ya damu protini iitwayo SPARC. Panya wa kawaida waliofanya mazoezi walipata dalili chache za mwanzo za saratani katika utumbo mpana. Wakachukua panya wasioweza kabisa kutengeneza protini hiyo, wakawafanyisha mazoezi yale yale, na nafuu haikuonekana. Kumbe paja likifanya kazi hutuma ujumbe mpaka tumboni! Tena si hiyo tu. Mwili unaotembea hutumia sukari vizuri zaidi, hivyo homoni ya insulini haikai juu muda wote kuchochea chembe kukua. Uvimbe wa chini kwa chini mwilini hupungua. Na choo hakikawii.

Kwa binadamu hesabu zilizokusanywa zinaonyesha kwamba wanaoushughulisha mwili zaidi wana hatari ndogo ya saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 20, wakilinganishwa na wanaoushughulisha kidogo sana. Na mwaka 2025 likatoka jaribio ambalo wengi tulilisubiri. Wagonjwa 889, wengi wao wa Canada na Australia, waliokwisha kupasuliwa na kupewa dawa za saratani ya utumbo mpana, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kijitabu cha ushauri. Kundi lingine lilipewa mtu wa kuwaongoza katika mazoezi kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, katika kila watu 100 wa mazoezi, 80 walikuwa hai bila saratani kurudi. Kwa wale wa kijitabu walikuwa 74. Watu sita katika mia ni wengi, hasa kama mmoja wao ni mama yako.

Turudi Busia sasa. Mama unayenisikiliza ukiwa umerudi shambani, uliyebeba jerikeni ya lita ishirini tangu kisimani na mtoto mgongoni, wewe sikuambii uende kukimbia jioni. Ingekuwa dhihaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki za shughuli inayoharakisha pumzi kidogo, na kazi ya shamba na kutembea kwenda sokoni vinahesabiwa. Wewe umepita hapo kabla ya Jumanne.

Ninayemwazia ni mama wa kibanda cha kubadilisha fedha au cha mitumba, anayeketi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi giza. Ni bibi wa mjini aliyepata bomba uani, ambalo ni baraka, nikiri. Ni dereva wa lori katika foleni ya Malaba, ambayo mwaka 2020 wakati wa korona ilinyoosha kilomita nyingi barabarani na watu wakakaa ndani ya magari siku kadhaa. Kwa hao, kutembea kwa haraka nusu saa siku tano za wiki kunatosha kufika kwenye zile dakika 150. Kushuka pikipiki mapema na kumalizia njia kwa miguu kunahesabiwa. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 naye anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, na kucheza mpira wa karatasi au kuruka kamba kunatosha, ilimradi barabara ya malori iwe mbali.

Pombe na sigara huongeza hatari ya saratani hii, na nyama zilizosindikwa kama soseji pia zilitajwa rasmi mwaka 2015 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani. Nalitaja kwa sababu smoki na soseji zimefika kila kituo cha magari, na watoto wamezifanya ndiyo zawadi.

Sasa lile lililonifanya nichague mada hii. Kwa sababu madaktari wa zamani waliandika kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika, habari hiyo iliganda vichwani, hata vichwani mwa wahudumu wa afya. Lakini lile daftari la Kampala lilipoendelea kuandikwa, likaonyesha saratani ya utumbo mpana ikipanda polepole. Kenya nayo ina madaftari, la Eldoret tangu mwaka 1999 na la Nairobi tangu 2001, na leo ugonjwa huu umo katika orodha ya saratani zinazoonekana sana nchini. Madaktari wetu wamekuta wagonjwa wa miaka thelathini, hata chini yake. Bado mtu akiona damu chooni ataambiwa ni bawasiri, ni amiba, ni taifodi. Atanunua dawa dukani, atavuka Uganda kutafuta mitishamba, na mwaka utapita.

Mazoezi hupunguza hatari, hayaiondoi. Yule panya wa gurudumu, wengine kati yao walipata saratani vilevile. Kwa hiyo hata kama unalima kila siku, ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika na kubaki hivyo zaidi ya wiki tatu, mara kuhara mara kufunga, au unahisi hujamaliza hata ukitoka chooni, au unakonda na kuishiwa damu bila sababu, nenda dispensari au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Kama baba, mama au ndugu yako aliwahi kuugua saratani ya utumbo, lisema hilo mwanzoni kabisa, kabla hujaulizwa. Tabibu anapaswa kukupima kwa kidole, na anaweza kukutuma upimwe kwa kifaa chembamba chenye kamera kinachoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Inatia aibu, lakini ni ya muda mfupi, na kijinyama kikionekana mapema huweza kukatwa papo hapo. Ukifika, mwambie damu ni nyekundu au nyeusi, imechanganyika na choo au iko juu yake, na imeanza wiki ngapi zilizopita. Na ukipewa dawa ya bawasiri, damu ikaendelea baada ya dawa kwisha, rudi pale pale na udai upimwe tena.